Zoezi Lianzie Mlangoni: Kuwaandaa Wauguzi Wapya kwa Kliniki ya Wagonjwa wa Nje

Swali: Naongoza wauguzi katika kliniki ya wagonjwa wa nje. Mpaka sasa tulikuwa tunapokea wauguzi waliokwisha kufanya kazi wodini angalau miaka miwili. Safari hii tunaletewa sita waliohitimu juzi tu, na karibu mafunzo yao yote ya vitendo wameyafanyia wodini. Uongozi umekubali wafunzwe kwa mazoezi ya kuigiza kabla hawajaachiwa wagonjwa peke yao. Fedha iliyopo inatosha ama kununua mdoli mmoja wa kisasa, ule unaopumua na kutoa mapigo ya moyo, ama kulipia muda wa watu wa kufundisha. Si vyote viwili. Nichague kipi, nianzie wapi, na nitajuaje kwamba wameiva?

Jibu: Ndugu yangu, lipia muda wa watu. Nakuambia hivi bila kusita, nami nimefundisha kwa midoli ya kila aina na bado naitumia. Ila kazi unayowaandalia hao sita inahitaji mgonjwa anayeongea, anayeficha jambo, na anayetaka kuondoka.

Wodini, muuguzi mpya akipitwa na dalili saa nne asubuhi, dalili ile ina nafasi nyingine ya kuonekana. Daktari atapita, mwenzake wa zamu ya jioni atapokea, chati itajazwa tena baada ya saa chache, na mgonjwa yupo pale pale kitandani. Kliniki mgonjwa anaingia na viatu vyake, anakaa dakika kumi au kumi na tano, anachukua kadi ya miadi, anaondoka. Akishavuka mlango, hakuna jicho la pili. Uamuzi mzito kuliko yote anaoufanya muuguzi wa kliniki, tena anaufanya siku nzima bila hata kuuita uamuzi, ni kumruhusu mtu aende nyumbani. Yapange mazoezi yako yote kuizunguka dakika hiyo.

Wenzetu wengi wanaamini kwamba mhitimu lazima akomazwe wodini kwanza ndipo aletwe kliniki. Naelewa hofu yao, lakini sikubaliani nao. Mwaka 1984 Patricia Benner, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, alieleza safari ya muuguzi kutoka uanagenzi hadi ubingwa: anayeanza hushika kanuni moja moja, ilhali bingwa huiona hali nzima kwa mara moja, kwa sababu ameshaona nyingi zinazofanana nayo. Miaka miwili ya wodi humpa mtu visa vya wodi. Yule mtu anayetembea, anayetabasamu, anayesema hajambo na kumbe yuko hatarini, wodini hakutani naye kila siku. Mazoezi ya kuigiza yanaweza kumkutanisha naye kwa mpangilio, kisa baada ya kisa, bila mtu kuumia.

Kuhusu mdoli, huu si ufundi wa juzi. Mwaka 1911 Hospitali ya Hartford nchini Marekani ilipata mdoli wa ukubwa wa mtu mzima, uliotengenezwa na Martha Chase, ili wanafunzi wa uuguzi wajifunze kumgeuza, kumwogesha na kumvisha mgonjwa. Mwaka 1960 ukaja mdoli uitwao Resusci Anne kutoka Norway, wa kujifunzia kumpulizia pumzi mtu aliyeacha kupumua, nao umefundisha ulimwengu mzima. Kazi za mikono zinataka kitu cha kushikwa, na kitu hicho si lazima kiwe ghali. Mkono wa mpira wa kuchomea sindano unatosha. Kupima presha inavyotakiwa, yaani mgonjwa apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko usawa wa moyo, mkanda unalingana na unene wa mkono, na mtu asiongee, hayo wafundishe asubuhi moja, wapimane wenyewe kwa wenyewe, mmalize.

Ila kwa kliniki nakuelekeza kwa mtu mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari wa mishipa ya fahamu aliyeitwa Howard Barrows, huko Marekani, alimfundisha mtu mzima wa afya kuigiza mgonjwa, historia yake, maumivu yake na hofu zake, ili wanafunzi wampime. Wakati ule wengi walimwona kama anachezea taaluma. Leo mgonjwa wa kuigiza yuko mahali pengi panapofundishwa utabibu, na kwa kazi ya wagonjwa wa nje sijaona chombo kinachomzidi.

Acha nikuonyeshe zoezi moja nililoliendesha mwenyewe, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila ninachotaka kukuambia.

Mgonjwa ni mzee wa miaka 68, ana kisukari, amekuja kusafishwa kidonda mguuni. Aliyeigiza alikuwa mtunza kumbukumbu mstaafu. Nilimpa maagizo matatu. Usiseme kwamba hujala tangu asubuhi mpaka uulizwe. Kidonda kikishafungwa, anza kufuta paji la uso kwa kiganja cha nyuma. Ukisimama, shika ukingo wa kiti, kisha uage kwa heshima na uondoke ukiruhusiwa.

Muuguzi aliyeingia alikuwa binti mwenye mikono mizuri kweli. Alinawa, akavaa glovu, akasafisha kidonda kutoka katikati kwenda nje, akafunga bendeji isiyobana wala kulegea. Alipogeuka kuandika kwenye faili, mzee akafuta paji la uso. Akafuta tena. Akasimama, akashika kiti, akakaa hivyo kama sekunde tatu. Binti akamkabidhi kadi ya miadi, akasema, "Haya baba, tuonane wiki ijayo." Mlango ukafungwa.

Niliuacha umefungwa. Sikukatiza, sikukohoa, sikumpa ishara. Baada ya dakika moja nikawaita wote tukakaa.

Hapo ndipo mafunzo yenyewe yanapoanza. Zoezi la dakika 10 lipe kikao cha tafakuri cha dakika 20 au zaidi. Ukikosa muda wa kikao, futa zoezi. Nilimwambia: "Nilimwona mzee akifuta jasho mara mbili na kushika kiti aliposimama. Nikapata wasiwasi, kwa sababu mtu wa kisukari anayetoka jasho ghafla huenda sukari yake imeshuka. Wewe ulikuwa unaionaje hali yake pale?" Zingatia mpangilio wa maneno hayo: nilichokiona, kwa nini kilinitia wasiwasi, kisha swali la kweli ambalo jibu lake silijui. Mwalimu akiuliza "Unadhani ulisahau nini?" anamchezesha mwanafunzi mchezo wa kubahatisha, na mwanafunzi hujifunza kumsoma mwalimu badala ya kumsoma mgonjwa.

Jibu lake sijalisahau. "Nilimwona anatoka jasho. Nikataka kumuuliza. Lakini nje kulikuwa na watu wengi, nikaona nitamchelewesha."

Kumbe aliona! Ningemwandikia alama ya kushindwa kwa kutokuona, ningekuwa nimemfundisha kitu ambacho tayari alikuwa nacho. Kilichomshinda ni foleni. Hakujua kama ana ruhusa ya kuisimamisha foleni kwa ajili ya jasho la mtu mmoja. Ruhusa hiyo haipatikani kitabuni. Inatoka kwako wewe kiongozi wake, nawe unatakiwa uitamke mbele yao wote: ukiwa na shaka, mgonjwa anakaa, foleni inasubiri, na anayelalamika aje kwangu.

Baada ya kikao tukalirudia zoezi lile lile siku ile ile. Usiache kurudia. Mtu akiishia kwenye kosa, atalala na kosa. Safari ya pili mzee alipofuta paji la uso, binti akaweka kalamu chini. "Baba, kaa kidogo. Umekula saa ngapi?" Akapima sukari, nikamkabidhi karatasi imeandikwa 2.8 mmol/L, yaani sukari imeshuka mno. Akampa sukari inayofyonzwa haraka kiasi cha gramu 15, kama vijiko vitatu vya chai kwenye maji, akaangalia saa, akapima tena baada ya dakika 15, ambazo kwa ajili ya zoezi tulizifupisha. Kipimo cha pili kikawa kizuri, mzee akaanza kuinuka. Binti akamzuia tena, akauliza anatumia vidonge gani. Mzee akataja glibenklamaidi. Nilifurahi mno, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuishusha sukari tena saa kadhaa baadaye, hasa kwa mzee ambaye hajala. Akamletea chakula, akamwita daktari, akauliza nyumbani kuna nani. Yaani alimaliza kazi ya mlangoni.

Sasa rudi kwa hao sita wako. Wagawe katika makundi mawili ya watu watatu. Mmoja anafanya, wawili wanatazama, na kila anayetazama apewe kitu cha kutazama: huyu afuatilie maneno ya mgonjwa, yule afuatilie mikono na usafi. Usiwafungie ukumbini siku tatu mfululizo kabla ya kuanza kazi. Mwaka 1974 Marlene Kramer, mtafiti wa uuguzi, aliandika juu ya mshtuko unaowapata wauguzi wapya wanapokuta kazi halisi haifanani na waliyofundishwa shuleni, na mshtuko huo huwakuta kazini, wakati mafunzo ya mwanzo yameshafungwa na vyeti vimetolewa. Mimi hupendelea nusu siku kila wiki kwa wiki nane, na siku zinazobaki waambatane na wauguzi walezi kliniki. Wanachokutana nacho Jumanne wanakuja nacho kwenye zoezi la Alhamisi.

Kabla ya zoezi la kwanza kabisa kaa nao, uwaambie mambo mawili na uyatimize. Kinachotokea chumbani humu hakitoki nje. Na hakuna alama inayowekwa kwenye faili la mtu kutokana na mazoezi haya. Ukichanganya chumba cha kujifunzia na chumba cha mtihani, kila mtu atakuigizia umahiri, na hutaona pale panapovuja.

Simu ipe siku yake kamili. Hii huachwa sana katika mafunzo, na kwa kliniki ni sehemu kubwa ya kazi. Weka viti viwili vinavyopeana mgongo ili wasionane. Mpigaji anauliza tu kliniki inafungwa saa ngapi, kwa sababu mume wake ametapika usiku na bega linamuuma, wanafikiri waje kesho. Muuguzi mpya hujibu swali aliloulizwa. Muuguzi aliyefundwa husema, "Mama, nipe niongee naye mwenyewe," kisha anasikiliza: anamaliza sentensi kwa pumzi moja, au anakata maneno? Jasho lipo? Kifua kinabana? Wafundishe kuhesabu maneno kwa sikio kama wanavyohesabu pumzi kwa jicho. Wakishatambua kwamba inaweza kuwa moyo, wajue pia cha kumwambia mpigaji: hakuna kusubiri kesho, wala mgonjwa asiendeshe gari mwenyewe, gari la wagonjwa liitwe sasa.

Halafu wafundishe kumwita daktari. Ule mpangilio wa hali, historia, tathmini na ombi, unaojulikana kwa herufi SBAR, ulitoka kwa wanamaji wa nyambizi za nyuklia za Marekani, ukaingizwa hospitalini na shirika la afya la Kaiser Permanente la huko huko Marekani. Wahitimu karibu wote wanaukariri vizuri. Wanapokwama ni kwenye ombi. Husema, "Daktari, mgonjwa wa chumba cha pili presha yake ni 188 kwa 122 na kichwa kinamuuma," kisha wananyamaza, wakitumaini daktari ataelewa. Wafanye waseme kwa sauti, mara tano, kumi, mpaka aibu iwatoke: "Naomba uje umwone sasa hivi." Nimewaona wakitetemeka kuitamka sentensi hiyo mara ya kwanza.

Kwa dharura chagua moja, nayo ni mzio mkali baada ya sindano au chanjo. Usiifanyie ukumbini. Ifanyie kliniki yenyewe, saa wagonjwa hawapo, kwa kabati zenu, toroli lenu, korido yenu. Mgonjwa wa kuigiza amechomwa penisilini, ameambiwa asubiri kwenye benchi, anaanza kujikuna shingo, sauti inakwaruza, anakohoa. Muuguzi amtambue, amlaze chini, miguu iinuliwe, au kama pumzi inamshinda akae amenyoosha miguu, lakini asisimamishwe wala kutembezwa kwenda chumbani. Mtu mzima anapata adrenalini miligramu 0.5, yaani mililita 0.5 ya ile yenye miligramu 1 kwa mililita, ndani ya msuli wa paja upande wa nje katikati, na inarudiwa baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Msaada uitwe wakati huo huo, oksijeni ifuate.

Sababu ya kulifanyia pale pale ni hii. Katika kliniki moja niliyoalikwa, timu ilitambua haraka, ikaita haraka, mkono ukafika kwenye kabati la dawa, kabati limefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula. Tulisimama tukiangalia saa mpaka alipoitwa akarudi. Hakukuwa na muuguzi mzembe pale. Palikuwa na utaratibu mbaya ambao hakuna aliyewahi kuujaribu. Wiki ile ile adrenalini ikahamishiwa kwenye kisanduku kisichofungwa kwa kufuli. Nina hakika nanyi mtakuta kitu cha namna hiyo: mtungi wa oksijeni usio na oksijeni, mkanda wa presha wa saizi moja tu, kitanda kisichopita mlangoni.

Angalizo moja hapa, nalo si dogo. Dawa na vifaa vya mazoezi vipakwe rangi au vibandikwe maneno makubwa YA MAFUNZO, vihesabiwe kabla na baada. Kichupa cha maji ya mazoezi kikibaki kwenye toroli halisi, siku moja kitachomwa mtu.

Waigizaji utawapata bila gharama kubwa: wastaafu, wahudumu wa mapokezi, wagonjwa wa zamani wanaojitolea. Usimpe mtu kuigiza ugonjwa aliowahi kuugua au uliomwondolea ndugu, maana niliwahi kufanya kosa hilo na zoezi likaisha kwa machozi ambayo hayakuwa ya kuigiza. Mwisho wa kila zoezi mpe mwigizaji nafasi aseme akiwa bado mgonjwa: "Ulipoangalia saa nikiongea, niliamua kutokuambia yale mengine." Mkufunzi hata akihubiri saa nzima hafiki hapo. Waigizaji hao hao ndio wa kuwafanyia zoezi la kumwelekeza mgonjwa dawa. "Umeelewa?" hujibiwa ndiyo daima. "Baba, nieleze utakavyovimeza ukifika nyumbani" ndiyo inayofichua kwamba anapanga kumeza viwili asubuhi badala ya kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Mazoezi ya foleni, yaani waigizaji wanne kwa pamoja, simu inalia, mtu anagonga mlango, yaweke wiki za mwisho. Ukiyaleta mapema yatawavunja moyo tu.

Uongozi ukikuuliza kama kuigiza kunafaa kitu, wape utafiti wa Baraza la Taifa la Bodi za Uuguzi la Marekani uliochapishwa mwaka 2014. Katika shule kumi za uuguzi, wanafunzi ambao hadi nusu ya saa zao za vitendo zilibadilishwa kuwa mazoezi ya kuigiza walimaliza wakiwa sawa kwa maarifa na ujuzi na wenzao wa njia ya kawaida. Lakini uwaambie na upande wa pili: walikuwa wanafunzi, hawakuwa wahitimu, na wakufunzi wao waliandaliwa maalumu kuendesha mazoezi na vikao vyake. Ndiyo maana narudia, fedha iende kwa watu. Wauguzi wako wakongwe wawili au watatu wafundishwe kuendesha kikao cha tafakuri, na kila kisa kijaribiwe kwao kwanza. Watakurekebishia makosa yake, na wao wenyewe wataacha kuwaona wale vijana kama mzigo.

Kuhusu kuiva, usitegemee mtihani wa siku moja. Mimi huangalia mambo matatu, kila moja nilione zaidi ya mara moja, kliniki, kwa wagonjwa halisi, mlezi akiwa pembeni. Amewahi kumzuia mgonjwa aliyekuwa tayari ameshika kitasa? Amewahi kumwita daktari kwa ombi lililo wazi, bila mtu kumsukuma? Na amewahi kumwambia mgonjwa "sijui, ngoja niulize," kisha akauliza kweli na kurudi? Anayefanya hayo matatu namwachia chumba hata kama bendeji yake bado imepinda. Asiyefanya hata moja simwachii, hata mikono yake iwe ya dhahabu. Anarudi kwenye mazoezi wiki nyingine, bila kufokewa.

Kisa cha kwanza usikitafute mbali. Fungua daftari lenu la matukio, mtafute mgonjwa wa mwisho aliyeondoka kwenu akionekana mzima na kurudishwa siku ile ile akiwa hoi. Badilisha jina, umri na kila kinachoweza kumtambulisha. Andika alichosema, alichoficha, na alichokifanya mwili wake katika dakika mbili za mwisho kabla hajatoka. Ukurasa mmoja unatosha.